Sasisho la Usalama la Windows Linapogoma Kila Mara: Mwongozo Kamili wa Kuliingiza Bila Kupoteza Mafaili

Tatizo linaloulizwa mara kwa mara na wenye kompyuta wa Moshi na Arusha, kuanzia steshenari za karibu na stendi hadi ofisi za kupeleka watalii, ni hili: sasisho la usalama linapakuliwa, linafika asilimia fulani, kompyuta inajizima na kuwaka, kisha yanatokea maandishi kwamba mabadiliko yanaondolewa. Kesho yake mambo ni yaleyale. Bando limekwisha na sasisho halijaingia.

Jibu linalotolewa mtaani kwa haraka ni "piga Windows upya". Kazi hiyo mara nyingi hufuta programu za uhasibu, mipangilio ya printa na picha ambazo hakuna aliyekumbuka kuzihifadhi, ilhali chanzo kingeweza kuwa saa iliyokosewa au diski iliyojaa. Kwa sababu hiyo hatua zilizo hapa chini zinaanzia zisizo na madhara na kuishia kwenye zile nzito. Kila ukimaliza hatua moja, jaribu tena kuingiza sasisho kabla ya kwenda nyingine, kwa kuwa ukifanya hatua tano kwa mkupuo hutajua ni ipi iliyotibu, na kompyuta ya pili ikiugua vilevile utarudi kubahatisha.

Mwongozo unahusu Windows 10 na Windows 11. Majina ya vitufe yameachwa kwa Kiingereza kama yanavyoonekana kwenye skrini, kwani ndivyo kompyuta zetu nyingi zilivyo.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kugusa chochote

- Akaunti yenye mamlaka ya msimamizi pamoja na nenosiri lake. Akaunti ya mwanafunzi au ya mhudumu wa zamu haitoshi.
- Umeme wa uhakika. Kompyuta mpakato iwe na chaji zaidi ya nusu na ibaki kwenye soketi. Ya mezani iunganishwe na UPS ambayo betri yake bado inashika.
- Diski ya nje au flashi kubwa ya kunakili mafaili muhimu, na flashi nyingine tupu ya angalau GB 8 ikiwa utabeba faili la sasisho hadi kompyuta nyingine (Hatua ya 8).
- Intaneti ya kutosha. Sasisho la mwezi likipakuliwa kwa mkono linaweza kuzidi GB 1, na faili kamili la Windows 11 linazidi GB 5. Kama una kifurushi cha usiku, panga kazi nzito zifanyike muda huo.
- Ufunguo wa BitLocker, ikiwa diski imefungwa kwa ulinzi huo. Ni namba yenye tarakimu 48, na kwa kawaida huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta. Uandike kwenye karatasi sasa, kwa sababu kompyuta ikiudai katikati ya kazi hutaweza kuufuata ndani yake.
- Daftari na kalamu.

Nakili mafaili kwanza. Hatua nyingi hapa haziyagusi, lakini umeme ukikatika wakati diski inaandikwa, hauchagui hatua.

## Hatua ya 1: Soma namba ya hitilafu

Fungua "Settings", kisha "Windows Update" (kwenye Windows 10 imo ndani ya "Update and Security"), kisha "Update history". Tafuta sasisho lililoshindwa na uandike mambo mawili: jina lake linaloanza na herufi KB, na namba ya hitilafu inayoanza na 0x. Ikiwa namba haionekani hapo, rudi kwenye ukurasa wa "Windows Update", ambako huandikwa chini ya jina la sasisho.

Hatua hii ndiyo inayorukwa na watu wengi, na ndiyo inayookoa muda kuliko zote. Andika kwenye karatasi, usitegemee kurudi kuiangalia baadaye, kwa maana Hatua ya 6 hufuta orodha hiyo.

Namba zinazojirudia zaidi zinaelekeza hivi:

- 0x80070070: diski haina nafasi. Nenda Hatua ya 3.
- 0x80072f8f: mara nyingi ni saa au tarehe mbovu. Hatua ya 3.
- 0x80072ee2 na 0x8024402c: kompyuta haifikii seva za Microsoft. Hatua ya 4.
- 0x80070422: huduma ya masasisho imezimwa. Hatua ya 5.
- 0x80070020: kuna programu nyingine iliyoshikilia faili linalohitajika. Hatua ya 5.
- 0x80073712 na 0x800f081f: mafaili ya mfumo wenyewe yameharibika au hayapo. Hatua ya 7.
- 0x80070643: soma sehemu yake ya pekee, baada ya Hatua ya 8.

Kuna jambo jingine la kuzingatia hapa. Masasisho ya usalama ya Windows ni ya kujumlisha, yaani la mwezi huu linabeba ndani yake ya miezi iliyopita. Ikiwa lililogoma ni la miezi miwili nyuma na jipya limeshatoka, achana na la zamani na ulifuate jipya.

## Hatua ya 2: Hakikisha Windows yako bado inahudumiwa

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, kisha Enter. Dirisha dogo litaonyesha toleo ("Version") na namba ya ujenzi ("OS Build"). Ziandike zote mbili.

Huduma ya kawaida kwa Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta yenye Windows 10 ya Home au Pro inaendelea kupata masasisho ya usalama ikiwa tu ina toleo la 22H2 na imejiandikisha kwenye mpango wa nyongeza, ambao kwa watumiaji binafsi ulipangiwa kufika Oktoba 2026. Windows 11 toleo la 23H2 la Home na Pro nalo lilifikia mwisho mwezi Novemba 2025. Kama uko kwenye toleo lililokwisha muda, unachohitaji ni kuhamia toleo jipya, kwa hiyo usipoteze jioni nzima ukitengeneza kisichoharibika.

## Hatua ya 3: Saa, nafasi na kuwasha upya

Tuanze na saa, kwa sababu hapa kwetu ina kisa chake. Kompyuta za mezani zilizotumika, ambazo ndizo nyingi kwenye steshenari na maabara za shule, huzimwa ukutani kila jioni. Swichi ya ukutani ikizimwa, saa ya ndani huendeshwa na betri ndogo ya duara ya CR2032 iliyo kwenye bodi, na betri hiyo ikiisha, kompyuta huamka asubuhi ikidhani bado iko miaka ya nyuma. Vyeti vya usalama vinavyothibitisha seva za Microsoft hukaguliwa kwa tarehe, hivyo tarehe ikikosewa mawasiliano hukataliwa.

Nenda "Settings", "Time & language", "Date & time". Chagua ukanda wa saa wa UTC+03:00 Nairobi, ambao ndio wetu pia, kisha bonyeza "Sync now". Ikiwa tarehe inarudi nyuma kila unapozima ukutani, nunua betri mpya. Ni kifaa cha bei ndogo, na bila kukibadilisha utaisahihisha saa kila asubuhi.

Kisha nafasi. Fungua "This PC" na utazame diski C. Mafundi wengi hugawa diski na kuiachia C sehemu ndogo, huku D ikiwa na mamia ya GB yaliyo tupu; mwenye kompyuta huona nafasi tele na kushangaa kwa nini sasisho linalalamika. Windows inaangalia C peke yake. Hakikisha ina angalau GB 20 tupu. Hamishia filamu na picha kwenye D au diski ya nje, kisha utumie "Disk Cleanup" na ubonyeze "Clean up system files" ili kuondoa mabaki ya masasisho ya zamani.

Onyo: usiingie ndani ya folda ya Windows na kufuta mafaili kwa mkono, hasa folda iitwayo WinSxS, kwa sababu ndilo ghala ambalo masasisho yote hujengwa kutoka humo.

Mwisho, chagua "Restart", wala usizime kwa "Shut down" na kuwasha. Kwenye kompyuta nyingi kuzima kwa kawaida huhifadhi sehemu ya mfumo ili kuwaka kuwe haraka, hivyo masalia ya jaribio lililoshindwa hubaki. "Restart" huanza upya kikamilifu.

## Hatua ya 4: Chunguza njia ya intaneti

Windows huweza kuuchukulia mtandao wa simu kama wa kulipiwa kwa kipimo, na ikifanya hivyo huahirisha upakuaji wa baadhi ya masasisho. Ikiwa unatumia hotspoti, ingia "Network & internet", fungua sifa za mtandao uliounganishwa, kisha zima "Metered connection" kwa muda wa kazi hii. Usisahau kuiwasha tena baadaye, la sivyo kompyuta itamaliza bando lote kwa siku moja.

Zima VPN, yaani programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva nyingine, kama ipo. Angalia pia "Proxy" kwenye menyu hiyohiyo: kompyuta iliyowahi kuwa ya ofisi nyingine huja na anwani ya proksi (seva ya kati ya kupitia intaneti) iliyosahaulika, na hiyo peke yake inatosha kuleta 0x8024402c. Kwa mitandao ya hoteli na hosteli inayodai uingie kwanza kupitia ukurasa wao, fungua kivinjari na ukamilishe kuingia kabla ya kujaribu sasisho.

Wakati nao una maana. Microsoft hutoa masasisho ya usalama Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa ambazo kwetu ni saa 2 au saa 3 usiku kutegemea majira ya Marekani. Ndiyo sababu Jumatano asubuhi kompyuta zote za ofisi moja hupakua kitu kilekile kwa pamoja kupitia ruta moja, na zote zikakwama. Kama una kompyuta kadhaa, ingia "Advanced options" ndani ya "Windows Update", fungua "Delivery Optimization", na uruhusu upakuaji kutoka vifaa vya mtandao wa ndani pekee. Kisha acha kompyuta moja imalize kwanza. Nyingine zitachota sehemu kubwa kutoka kwake. Kwa steshenari yenye kompyuta sita na bando moja, huu ni uamuzi wa pesa.

Dalili ya mafanikio ya hatua hii ni kwamba asilimia za upakuaji zinapanda hadi 100 bila kurudi sifuri, hata kama uingizaji wenyewe utashindwa baadaye.

## Hatua ya 5: Ondoa vizuizi

Chomoa flashi, printa na diski za nje. Kama kuna antivirasi iliyonunuliwa au kuingizwa kando, iondoe kwa muda. Kuisimamisha tu mara nyingine hakutoshi. Ulinzi uliomo ndani ya Windows utachukua nafasi yake.

Bonyeza Windows na R, andika services.msc, tafuta "Windows Update", na uhakikishe "Startup type" yake ni "Manual" na haijaandikwa "Disabled". Mafundi wengi huizima makusudi ili mteja asilalamike kuhusu bando, na hawamwambii.

## Hatua ya 6: Safisha akiba ya upakuaji

Umeme au mtandao ukikatika katikati ya upakuaji, vipande vilivyoharibika hubaki kwenye akiba, na Windows huendelea kuvitumia ikidhani ni vizima. Dawa ni kuilazimisha ianze akiba mpya.

Andika cmd kwenye sehemu ya kutafuta, bonyeza "Command Prompt" kwa kitufe cha kulia cha kipanya, na uchague "Run as administrator". Andika amri hizi moja baada ya nyingine, ukibonyeza Enter kila mara:

net stop wuauserv
net stop bits
net stop cryptsvc
ren C:\Windows\SoftwareDistribution SoftwareDistribution.old
ren C:\Windows\System32\catroot2 catroot2.old
net start cryptsvc
net start bits
net start wuauserv

Amri tatu za mwanzo husimamisha huduma, mbili za kati hubadilisha majina ya folda, na tatu za mwisho huwasha huduma tena. Kwa kuwa folda zimebadilishwa majina bila kufutwa, kosa lolote linaweza kurekebishwa.

Ukiambiwa "Access is denied" kwenye amri ya kubadilisha jina, huduma mojawapo imejiwasha tena yenyewe. Rudia amri za kusimamisha na uendelee bila kuchelewa. Umefanikiwa ikiwa "Update history" ni tupu na ukibonyeza "Check for updates" upakuaji unaanza tangu mwanzo. Utalipia bando upya, hilo halikwepeki.

## Hatua ya 7: Tengeneza mafaili ya mfumo

Hatua hii ndiyo huponya kompyuta nyingi zilizoshindikana hadi hapa. Katika dirisha lilelile la amri, andika:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

DISM hukagua ghala la mafaili ya mfumo na kuleta mazima kutoka Microsoft, kwa hiyo intaneti iwe hewani. Huweza kusimama kwenye asilimia moja kwa muda mrefu, hasa kwenye diski za zamani zinazozunguka. Usifunge dirisha. Ikikamilika, andika:

sfc /scannow

Mpangilio huu una sababu: sfc hutengeneza mafaili yanayotumika kwa kunakili kutoka ghalani, hivyo ghala likiwa bovu, itanakili ubovu au itashindwa.

Majibu ya sfc yasomwe kwa makini. Ikisema haikupata ukiukaji wowote, mfumo ni mzima na tatizo liko kwingine. Ikisema imepata mafaili mabovu na kuyatengeneza, washa upya na ujaribu sasisho. Ikisema imeshindwa kutengeneza baadhi, rudia DISM kisha sfc kwa mara nyingine.

DISM yenyewe ikileta 0x800f081f, maana yake haikupata mafaili ya kuchukua. Pakua kutoka Microsoft faili la ISO, yaani faili moja lenye Windows kamili ya kuingiza, la toleo lilelile ulilosoma kwa winver, lifungue kwa kulibonyeza mara mbili, angalia limepewa herufi gani, kisha andika, ukibadilisha E kwa herufi yako:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth /Source:WIM:E:\sources\install.wim:1 /LimitAccess

Tarakimu 1 mwishoni ni nafasi ya aina ya Windows ndani ya faili. Orodha utaipata kwa amri ya DISM /Get-WimInfo /WimFile:E:\sources\install.wim, kama yako ni Pro, weka namba iliyo mbele ya Pro.

Hapa pana jambo ambalo halipendezi kulisikia. Mtaani kuna Windows "nyepesi", zilizopunguzwa ili zikimbie kwenye kompyuta dhaifu. Waliozipunguza waliondoa sehemu ambazo masasisho huzitegemea, na hakuna amri ya kurudisha kisichokuwepo tangu mwanzo. Kama ndiyo uliyonayo, okoa mafaili yako na uweke Windows kamili kutoka kwa Microsoft yenyewe.

## Hatua ya 8: Ingiza sasisho kwa mkono

Fungua catalog.update.microsoft.com na utafute ile namba ya KB. Chagua linalolingana na toleo lako na aina ya prosesa, ambayo kwa kompyuta nyingi ni x64. Tengeneza folda C:\Sasisho na uhifadhi humo. Kwa Windows 11 toleo la 24H2, kitufe cha kupakua kinaweza kuonyesha mafaili mawili. Pakua yote na uyaweke folda moja, kwa sababu la pili hujengwa juu ya la kwanza. Kwenye Windows 10, bonyeza faili hilo mara mbili. Kwenye Windows 11, andika amri hii katika dirisha la amri, ukimalizia na jina kamili la faili lenye namba yako ya KB:

DISM /Online /Add-Package /PackagePath:C:\Sasisho\jina-la-faili.msu

Faida kwa ofisi ni kwamba faili hilohilo hubebwa kwa flashi hadi kompyuta nyingine zenye toleo sawa, bila kupakua mara ya pili.

## Sehemu ya pekee: 0x80070643 na eneo la urejeshaji

Januari 2024 Microsoft ilitoa sasisho la KB5034441 kwa Windows 10, likilenga mazingira ya urejeshaji, yaani sehemu inayotumika kutengeneza Windows ikishindwa kuwaka. Lilihitaji MB 250 tupu kwenye sehemu ndogo ya diski iliyofichwa, na kompyuta nyingi hazikuwa nazo, hivyo likashindwa kwa namba hii. Namba hiyo hutokea pia kwa masasisho mengine, yakiwemo ya .NET, kwa hiyo linganisha KB kwanza.

Andika reagentc /info kwenye dirisha la amri. Ikiwa hali ni "Disabled" na kompyuta haina kabisa sehemu ya urejeshaji, sasisho hilo haliihusu na unaweza kulipuuza. Ikiwa ni "Enabled", tiba ni kupanua sehemu hiyo kwa kupunguza C. Kazi hiyo ifanywe na mtu aliyewahi kuifanya, mafaili yakiwa yamenakiliwa na BitLocker imesimamishwa, kwa sababu amri moja ikichaguliwa kwenye sehemu isiyo yake hufuta kila kitu. Masasisho mengine ya usalama yanaendelea kuingia hata hili likigoma.

## Hatua ya 9: Weka Windows juu ya Windows

Windows 11 za karibuni zina njia fupi: "Settings", "System", "Recovery", kisha "Reinstall now" chini ya "Fix problems using Windows Update". Huweka upya mfumo huku mafaili, programu na mipangilio vikibaki.

Isipokuwepo, fungua faili la ISO ukiwa ndani ya Windows inayowaka, bonyeza setup.exe, na ukifika penye kuchagua cha kubakiza, hakikisha imeandikwa "Keep personal files and apps". Ikiwa chaguo hilo limefifia, acha hapo hapo: lugha, aina au toleo la ISO halilingani na lako.

Usiwashe kompyuta kwa kutumia flashi. Ukianzia kwenye flashi chaguo la kubakiza programu halipo kabisa, na huko ndiko kupiga Windows kunakofuta vitu vya watu. Fundi akiomba flashi ya kuwashia, mwambie aanzie ndani.

Imekubali ikiwa namba ya ujenzi kwenye winver imepanda kuliko ile uliyoandika katika Hatua ya 2, na "Check for updates" haikupi tena sasisho lilelile. Hapo ndipo unapofuta folda mbili zenye mwisho wa .old, unarudisha antivirasi na kuwasha tena "Metered connection".

Ikiwa hata hatua hii inakatika njiani, ishuku diski. Fungua PowerShell, dirisha jingine la amri, kama msimamizi na uandike Get-PhysicalDisk. Safu ya "HealthStatus" ikionyesha kitu kingine chochote mbali na "Healthy", acha kujaribu masasisho, maliza kunakili mafaili siku hiyohiyo, na fedha uliyotenga kwa bando uielekeze kwenye diski mpya.